Moshi Niliouita Dawa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua ndefu, mjukuu wangu, nikiwa kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani chai, kikapu mgongoni, na kichwa changu kimeinuka juu kuliko ilivyofaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mbele yangu walikuwa wanawake sita, nyuma yangu kundi zima, na sote tulikuwa na matope hadi kwenye magoti. Sikujua kwamba katika robo saa iliyofuata, jani la chai lingenifundisha jambo ambalo muuguzi alikuwa amejaribu kunifundisha mara mbili akashindwa.

Lakini ngoja kwanza nikueleze kichwa changu kiliinuliwa na nini, maana bila hilo hutaelewa kilivyoinama.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu alihamia Litein kutoka Nyeri, akafungua duka la rejareja, na mimi nikakulia nyuma ya kaunta kati ya magunia ya sukari na makatoni ya sabuni. Kisha nikaolewa na Mkipsigis, katika boma lenye chai upande wa Mogogosiek. Siku ya kwanza niliyoingia shambani, wanawake wa huko waliitazama mikono yangu wakacheka. Mmoja akasema, "Hii ni mikono ya kupima sukari. Chai itaiweza?"

Nilijifunza. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, alinisimamisha kando yake kila asubuhi. Majani mawili na chipukizi, basi. Usikwanyue, usifinye, usishindilie kikapuni majani yakapata joto. Nilirudi nyumbani vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Msimu wa pili ulipofika, karani wa kituo aliinua kiganja cha majani yangu akawaonyesha wengine: "Muone mtoto wa duka anavyochuma." Tangu siku hiyo majani yangu hayakuwahi kukataliwa. Mwanangu, sitakudanganya, nilijivuna. Na hadi leo naona halali kujivunia kazi ya mikono yako ukiifanya vizuri. Shida huja pale fahari inapokuziba pua.

Sasa turudi kwa mbu.

Wazee wa huku walizoea kusema kwamba mbu ni mdudu wa bondeni, wa kule Nyando; akijaribu kupanda milima yetu, baridi humrudisha. Ulikuwa ukweli wa zamani. Miaka niliyoolewa, kila baada ya mvua ndefu walikuwa wanapanda, na malaria ya milimani hutandika sana kwa sababu miili ya watu wa huku haijaizoea. Nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani akitetemeka chini ya blanketi tatu. Kwa hiyo nilipomzaa Chelangat, msichana wangu wa kwanza, niliapa kwamba mbu hatamgusa.

Sikukosea kumwogopa mbu. Naomba ulishike hilo. Nilikosea katika kile nilichokikimbilia.

Nilikimbilia duka la baba. Kulikuwa na koili, zile za kijani zilizoviringishwa kama konokono, ambazo unaziwasha ncha zikafuka moshi usiku kucha. Baba aliziita dawa ya mbu. Wateja walisema, "Nipe dawa ya mbu." Mimi mwenyewe nimeuza dawa ya mbu tangu nifike urefu wa kaunta. Ukiita kitu dawa kwa miaka ishirini, hukiulizi tena kinaponya nini na kinaumiza nini.

Basi kila jioni niliwasha koili moja, nikaiweka juu ya kifuniko cha kopo, chini ya kitanda tulicholala mimi na mtoto. Mume wangu alikuwa dereva, mara nyingi hayupo. Nilifunga dirisha. Nikaweka kitambaa chini ya mlango ili dawa isipotee bure. Asubuhi niliwakuta mbu wamelala chali sakafuni, nami nikafagia kwa furaha. Nilijiambia, mgeni njoo mwenyeji apone: mimi mgeni nimewaletea watu hawa kitu cha maana kutoka mjini.

Kogo hakupendezwa. Alilala chumba cha pili, na ukuta wa kati haukufika darini.

"Hii kitu yako inanikaba koo," aliniambia asubuhi moja.

"Ni dawa, Kogo."

"Dawa ya nani? Mimi si mbu."

Nilicheka, naye akacheka, na jioni nikawasha nyingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mguu haukuwa wangu. Kilichoanza kuvunjika kilikuwa kifua cha mtoto.

Chelangat alipofika mwezi wa nne alianza kukohoa. Halafu kukawa na sauti nyembamba ndani ya kifua chake kila alipovuta pumzi, kama mtu anayepiga mluzi mbali sana ng'ambo ya bonde. Nilimfunga mgongoni nikampeleka hospitalini Kapkatet. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye subira. Alisikiliza kifua, akampa matibabu, akaniuliza, "Nyumbani kwako kuna moshi ndani?"

Nikajibu kwa fahari, "Hakuna. Mimi silali jikoni. Jikoni kwetu ni nyumba ya pembeni."

Mtoto akapata nafuu siku chache, kikohozi kikarudi. Nikaenda tena. Muuguzi akauliza tena, pole pole, "Mama, hakuna kitu kinachochomwa karibu na mtoto?" Nikasema hakuna. Sikudanganya kwa kusudi, mwanangu. Nilipofikiria moshi niliona kuni, macho yanayowasha, sufuria nyeusi. Koili haikuingia kwenye hesabu hiyo. Koili ilikuwa dawa, na mtu anayeulizwa habari za moshi hataji dawa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku lori la majani lilipokwama.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Jioni tulifika kituoni na vikapu vyetu, tukangoja, tukaambiwa lori limezama kwenye matope mahali fulani chini na haliwezi kuja hadi asubuhi. Karani wetu, Arap Koech, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, alipanda juu ya kiti akatutangazia.

"Rudini na majani nyumbani. Msiyaache kwa kikapu, yatachemka yawe mekundu. Tandazeni chini, nyembamba. Na nyinyi wamama, nisikieni vizuri: msiweke jikoni. Majani ya chai ni kama mtoto mdogo, inashika kila kitu. Ikilala kwa moshi, kesho sichukui."

Niliyashika maneno hayo kama amri. Nilipofika nyumbani nilitafuta mahali safi kuliko pote. Jikoni, la. Sebuleni kulikuwa na kuku watatu wa Kogo walioingizwa kwa sababu ya mvua. Nikatandika gunia safi kwenye sakafu ya chumba chetu cha kulala, nikayatandaza majani yangu vizuri, nikayageuza, nikayatazama yalivyong'aa. Kisha nikafunga dirisha, nikaweka kitambaa chini ya mlango, nikawasha dawa ya mbu kama kawaida, nikalala.

Unaona sasa mahali nilipojikwaa? Niliyakinga majani na moshi wa jikoni kwa uangalifu wote, nikayalaza ndani ya moshi mwingine, kwa sababu tu huo mwingine ulikuwa na jina zuri.

Asubuhi lori lilikuwa limefika. Kogo alikuja nami kituoni, Chelangat akiwa mgongoni kwake, maana mimi nilibeba kikapu. Zamu yangu ilipofika nilimwaga majani kwenye meza ya kukagulia na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu anayengoja kusifiwa. Arap Koech akaingiza mkono, akainua kiganja, akakipeleka usoni. Akasimama. Akanusa tena.

"Bot Chelangat," akasema, kwa kuwa huku mama huitwa kwa jina la mtoto wake, "leo umeniletea chai ama umeniletea duka ya baba yako?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nami nikatabasamu kwanza, nikidhani ni mzaha mwingine. Hakuwa anatabasamu.

"Hii inanuka dawa ya mbu. Nusa wewe mwenyewe."

"Haiwezekani. Sikuiweka jikoni."

"Sikusema inanuka jikoni."

"Arap Koech, majani yangu umeyajua miaka miwili. Umewahi kupata shida?"

"Sijawahi. Na ndiyo sababu inaniuma." Aliyarudisha majani kwenye kikapu changu kwa mikono miwili, kwa heshima. "Nikitia hii kwa gari, kiwandani watapata harufu kwa ya watu wote. Siwezi, mama. Hata ungekuwa dada yangu."

Mwanamke mmoja nyuma, yule yule wa mikono ya kupima sukari, akasema, "Labda aliogopa chai itaumwa na mbu." Wakacheka tena. Uso ukaniwaka. Nikapaza sauti ili nijitetee, na maneno yaliyonitoka bado nayasikia: "Niliyalaza mahali safi kuliko pote nyumbani kwangu! Niliyalaza kwa chumba ya kulala, pale pale mtoto wangu analala!"

Kicheko kikakatika. Wanawake wale walikuwa mama, wote. Arap Koech akaangalia chini.

Kogo akauliza, "Pale mtoto analala?"

Alinigusa kiwiko tukaondoka, mimi na kikapu kilichokataliwa, yeye na mtoto. Tulipofika kwenye ukingo wa barabara juu ya mto, aliketi kwenye nyasi akaniambia niteremshe mzigo. Akachukua kiganja cha majani.

"Nusa."

Nikanusa. Mwanangu, ilikuwa kweli. Chini ya ule ubichi mtamu wa jani kulikuwa na harufu kali, ya duka, ya sanduku la koili linapofunguliwa.

Kisha Kogo akamshusha Chelangat mgongoni, akafunua kofia yake ya sufu. "Sasa nusa kichwa ya mtoto."

Nikainama. Ilikuwa harufu ile ile. Kwenye nywele zile laini, kwenye kofia, kwenye shingo. Na hapo karibu, sikio langu likiwa kifuani pake, nikausikia ule mluzi mwembamba.

"Majani imelala huko mara moja," Kogo akasema. "Karani ameikataa. Huyu amelala huko tangu azaliwe. Nani atamkatalia?"

Nililia. Kogo aliniacha nilie, akichezea majani. Nilipotulia aliniambia jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Unajua jinsi sisi wa huku tunavyotunza kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa. Kabla ya kutia maziwa, tunachoma kijiti cha mti uitwao senetwet, tunasugua kibuyu kwa makaa yake hadi kinukie. Nilikuwa nimejifunza kwake na nikaipenda kazi hiyo.

"Hata kibuyu," akasema, "tunachagua mti. Hatutii moshi ya kila kitu. Na ile tunachagua, inabaki kwa kibuyu. Kifua ya mtoto si kibuyu."

Kisha akaongeza, na hapa ndipo nilipompenda zaidi: "Na usifikiri sisi tulikuwa na akili. Sisi tulichoma majani ya porini ndani ya nyumba tukalia machozi, watoto wakakohoa, tukasema ni baridi. Moshi ni moshi. Ya zamani na ya duka."

Hakunitangaza kijijini. Hakumwambia mume wangu kabla sijamwambia mwenyewe. Nimewaona wakwe wengi tangu hapo, na bado najivuna kwamba niliolewa kwa yule mama.

Siku hiyo hiyo tulikwenda Kapkatet, Kogo nami. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nilimweleza muuguzi kila kitu: koili, kitambaa cha mlangoni, hata majani.

Alinitazama, akatikisa kichwa kwa upole. "Nilikuuliza moshi, mama."

"Uliuliza moshi. Mimi nilikuwa naiita dawa."

"Basi kuanzia leo nitawauliza wamama wote kwa majina mawili," akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Alinieleza nami nikueleze. Ile koili ni unga wa mbao na vitu vingine, umechanganywa na dawa ya kuua wadudu. Unga ndio unaoungua pole pole usiku mzima ili kuisambaza ile dawa. Moshi wake una chembe ndogo kuliko vumbi unaloliona kwenye mwali wa jua, nazo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Chumba kikifungwa, chembe hizo hazina pa kwenda isipokuwa kifuani. Mtu mzima huamka na koo kavu na kichwa kizito. Mtoto, ambaye mirija yake ya pumzi ni myembamba kama mrija wa kunywea soda, hukohoa na kubanwa, na mwenye pumu huzidiwa.

"Lakini mbu je?" nikamuuliza. "Nikiacha, malaria?"

"Ndiyo swali lenyewe," akasema. "Usiache kumkinga. Badilisha kinga."

Tulianza na chandarua. Wakati ule vyandarua havikupatikana ovyo, wala havikuwa na dawa kwenye nyuzi kama hivi vya sasa. Mume wangu alikileta kutoka Kericho mjini, nasi tukajifunza kukichomeka chini ya godoro pande zote. Tukabandika wavu kwenye dirisha. Kogo akaweka sheria yake: jua likianza kushuka, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, milango ifungwe na mtoto avikwe mikono mirefu.

Halafu mume wangu akazunguka nyuma ya nyumba akasimama kwenye shimo moja. Tulikuwa tumefyatua matofali ya nyumba yetu hapo, na shimo likabaki, limejaa maji ya mvua mwaka mzima. Kogo akachota kwa kikombe, akatuonyesha vijidudu vinavyojipindapinda. Kikulacho ki nguoni mwako. Mbu niliodhani wanapanda kutoka Nyando walikuwa wanazaliwa hatua ishirini kutoka kitandani kwangu. Tulilifukia shimo kwa siku tatu, majirani wakatusaidia, hata yule mama wa mikono ya sukari alikuja na jembe lake. Juu yake tukapanda miche ya chai. Ukija kwangu leo nitakuonyesha: hakuna mistari mizuri kama ile shambani kwangu kote.

Kikohozi cha Chelangat kilipungua wiki kwa wiki, kwa matibabu na kwa hewa safi. Siku moja niliweka sikio kifuani pake, sikusikia chochote ila moyo.

Na msimu uliofuata Arap Koech aliinua tena kiganja cha majani yangu, akanusa kwa madaha, akasema, "Leo ni chai." Kituo kizima kilipiga makofi.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu mwezi uliopita nilimtembelea binti mmoja wa kanisa letu aliyejifungua, anakaa chumba cha kupanga Litein. Chumba kimoja, dirisha limefungwa, na koili kwenye kifuniko cha soda karibu na mtoto. Nilipomuuliza ni nini, alisema, "Ni dawa tu, Cucu," akiniita nyanya kwa Kikuyu. Neno lile lile. Sikumkemea. Nilimwomba anuse kofia ya mtoto.

Basi shika haya ya bibi yako. Lala wewe na mtoto ndani ya chandarua chenye dawa, kila siku, hata msimu wa kiangazi, na tundu likitokea lishone kabla usiku haujaingia. Zungukia boma lako kila wiki: makopo, matairi, mashimo ya matofali, mtaro ulioziba kati ya mistari ya chai, mwaga, fukia, zibua, na tangi la maji lifunike. Weka wavu madirishani ili uweze kupata hewa bila kukaribisha mbu. Mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu yapo na yanasaidia, lakini soma maandishi yake, na kwa mtoto mchanga muulize muuguzi kwanza. Ikiwa lazima uchome koili, iwe nje, barazani, mbali na mtoto, na isiwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa. Homa ikija, nenda hospitali ukapimwe. Na ukiulizwa na daktari, taja kila kinachoungua nyumbani mwako, hata kama kina jina tamu.

Juu ya yote, usione haya kukataliwa na mtu anayejua kazi yake. Ule mkono ulionirudishia majani ndio uliomwokoa Chelangat.

Chelangat sasa ni mwonjaji chai katika kiwanda kimoja huku kwetu. Mwaka jana alinialika nimwone akifanya kazi. Vikombe vyeupe vilipangwa mezani mstari mrefu. Alichota kwa kijiko, akavuta ile chai mdomoni kwa pumzi moja kali, kama waonjaji wanavyofanya ili ladha ipande puani, na pumzi ile ikapiga mluzi mkubwa uliojaza chumba chote. Wenzake walinitazama wakashangaa kwa nini mama huyu analia. Sikuwaeleza. Ulikuwa mluzi wa kifua chenye nguvu, na humo chumbani mimi pekee ndiye niliyewahi kuusikia ule mwembamba wa utotoni mwake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba inayopitisha upepo na kuzuia mbu, akupe watu wa kukuambia "nusa tena" unapokuwa umejivuna, na wanao wavute pumzi ndefu hadi uzeeni mwao.